Kabla ya Kulipia RAM, Ijue Bodi ya Kompyuta Yako

Wakazi wanaopanga kuunda kompyuta, au kuiongezea uwezo ile waliyo nayo, wanashauriwa kuikagua bodi ya kompyuta hiyo kabla ya kulipia kipande chochote cha RAM. Kipande kisichooana na bodi hakitafanya kazi hata kikiwa kipya na cha kampuni inayojulikana. Mara nyingi mnunuzi hugundua hayo pesa zikiwa zimeshatoka.

Jambo hili linawagusa watu wengi. Wenye saiba hutegemea kompyuta za mtumba kutoka ng'ambo kuwahudumia wateja wanaojaza fomu za eCitizen na KRA. Wanafunzi wa vyuo huandika kazi zao na kuomba mikopo ya HELB mtandaoni. Vijana wanaofanya kazi za mtandaoni hulipwa kwa kazi waliyoikamilisha, na kompyuta inayokwama huwapunguzia kipato. Wengi wao hununua vifaa kwa akiba ya chama au mkopo wa sacco, na hawana pesa za kununua kifaa kimoja mara mbili.

Umbali nao huongeza gharama. Mkazi anayeagiza RAM kutoka maduka ya Luthuli Avenue jijini Nairobi hutuma pesa kwa simu na kupokea kifurushi kwa basi. Kifaa kisipofaa, hugharamia kukirudisha, hungoja siku kadhaa, na huenda akaambiwa kwamba kifaa kilichokwisha kufunguliwa hakirudishwi. Dakika 15 za kukagua kabla ya kuagiza zinaweza kumwepusha na hayo yote.

BODI NDIYO INAYOAMUA

RAM ni kumbukumbu ya muda ya kompyuta. Programu inapofunguliwa, kompyuta huiweka humo ili prosesa iifikie kwa haraka. Umeme ukizimwa, yote yaliyokuwa humo hupotea. Faili za mwenye kompyuta huhifadhiwa kwingine, kwenye diski. Kwa sababu hiyo, kuongeza RAM hakuhitaji kufuta faili wala kumpa fundi neno la siri la akaunti yoyote.

Vipande vya RAM huchomekwa kwenye bodi kuu, ile ambayo mafundi huiita madhabodi. Bodi hiyo ndiyo inayobeba prosesa, RAM na nyaya za diski. Mtengenezaji anapoiunda huamua itapokea RAM ya kizazi gani, ya umbo gani, vipande vingapi na kwa jumla ya kiasi gani. Mnunuzi hawezi kuyabadilisha hayo baadaye. Swali la kuuliza dukani, basi, ni kama RAM hiyo inakubaliwa na bodi fulani yenye jina na nambari inayojulikana. Kuuliza tu kama ni nzuri hakutoshi.

VIZAZI HAVICHANGANYIKI

RAM zinazouzwa leo, mpya na za mtumba, ni za vizazi vinne hasa. Kila kizazi kina umeme wake na pengo lake, yaani mkato mdogo ulio kwenye ukingo wenye pini za rangi ya dhahabu. Pengo hilo hukaa mahali tofauti katika kila kizazi ili kipande kisiingie kwenye bodi isiyokihusu.

- DDR2 hutumia volti 1.8. Hupatikana kwenye kompyuta kuukuu sana.
- DDR3, iliyoingia sokoni mwaka 2007, hutumia volti 1.5. Ipo pia DDR3L inayotumia volti 1.35.
- DDR4, iliyoanza kuuzwa mwaka 2014, hutumia volti 1.2.
- DDR5, ambayo kanuni zake zilichapishwa mwaka 2020, hutumia volti 1.1.

Kwa kompyuta za mezani, DDR2 na DDR3 zina pini 240, na DDR4 na DDR5 zina pini 288. Kuhesabu pini, kwa hivyo, hakutoshi kutofautisha kizazi kimoja na kingine. Anayekibonyeza kipande cha DDR4 kwa nguvu kwenye sloti ya DDR5 kwa kuwa urefu unalingana anaweza kuvunja sloti, na sloti ikivunjika huenda bodi nzima ikahitaji kubadilishwa.

Herufi L katika DDR3L nayo ina maana. Kipande cha DDR3L kwa kawaida hufanya kazi pia kwenye bodi ya DDR3 ya volti 1.5. Kinyume chake hakiaminiki: laptopu nyingi zenye prosesa za Intel za kizazi cha nne na cha tano zinataka volti 1.35, na zikiwekewa DDR3 ya volti 1.5 huenda zisiwake. Mwenye laptopu za aina hiyo ni salama zaidi akinunua DDR3L.

YA MEZANI NA YA LAPTOPU

RAM ya kompyuta ya mezani ina urefu wa takribani sentimita 13. Ya laptopu ni karibu nusu ya hiyo. Ya kwanza huitwa DIMM na ya pili SO-DIMM, na majina haya huandikwa kwenye pakiti na kwenye matangazo ya mtandaoni. Kompyuta ndogo za mezani, zile zinazoweza kufungwa nyuma ya skrini, nyingi hutumia RAM ya laptopu. Ni vyema mnunuzi asikisie kwa kutazama umbo la nje la kompyuta.

Laptopu nyingi nyembamba hazina sloti kabisa. RAM yake imechomelewa kwenye bodi kiwandani na haiwezi kuongezwa. Nyingine zina sehemu iliyochomelewa pamoja na sloti moja. Mzazi anayemnunulia mwanafunzi laptopu ya GB 4 kwa matumaini kwamba ataiongezea baadaye anapaswa kuthibitisha kwanza kwamba sloti ipo.

JINSI YA KUIJUA BODI

Njia rahisi haihitaji bisibisi. Kwenye Windows 10 na 11, bonyeza vitufe vya Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Programu ya Task Manager itafunguka. Ukichagua Performance, kisha Memory, utaona kiasi cha RAM kilichopo, kasi yake, sloti zinazotumika kati ya zote zilizopo, na umbo, yaani DIMM au SODIMM.

Ili kupata jina la bodi, andika msinfo32 kwenye sehemu ya kutafutia na ufungue programu itakayojitokeza. Jina na nambari ya bodi hukaa kwenye mistari inayoanza na neno BaseBoard. Programu ya CPU-Z, isiyolipiwa, huonyesha zaidi: kizazi cha RAM, nambari ya kila kipande kilichomo, jina la bodi na la prosesa. Anayetumia Linux anaweza kuandika amri ya sudo dmidecode -t memory.

Kompyuta isipowaka, nambari ya bodi huwa imechapishwa kwenye bodi yenyewe, mara nyingi katikati au karibu na sloti za RAM. Kipande cha RAM kilichomo pia ni ushahidi mzuri: kikitolewa na stika yake kupigwa picha, muuzaji ana kitu cha kulinganisha.

Kwa kompyuta za kampuni kama Dell, HP na Lenovo, modeli na nambari ya utambulisho huwa kwenye stika ya nje. Dell huiita Service Tag. Nambari hiyo ikiingizwa kwenye tovuti ya kampuni husika, humpa mwenye kompyuta maelezo ya mashine yake. Ni muhimu kuitumia, kwa kuwa jina la modeli peke yake linaweza kupotosha. Dell ilitoa OptiPlex 7010 mwaka 2012, ambayo hutumia DDR3, kisha ikalitumia jina hilo tena mwaka 2023 kwa kompyuta ya kizazi kipya kabisa isiyopokea DDR3. Anayemwambia muuzaji "nataka RAM ya 7010" bila kutaja mwaka anaweza kupewa isiyomfaa, na muuzaji akawa hakukosea.

KUSOMA STIKA

Stika ya RAM ina maandishi mafupi yanayoonekana kama fumbo, lakini husomeka. Chukulia stika iliyoandikwa "8GB 1Rx8 PC4-2666V-UA2". GB 8 ni kiasi. PC4 ni DDR4. Nambari 2666 ni kasi. Herufi U inayofuata baadaye ina maana kwamba kipande hicho ni cha kompyuta ya kawaida ya mezani.

Herufi hiyo ndiyo inayosahaulika zaidi. U ni ya mezani, S ni ya laptopu, R ni ya seva. Kwenye DDR3 herufi hukaa mara tu baada ya nambari, kwa mfano PC3-12800U au PC3L-12800S.

Nambari za kasi nazo huandikwa kwa njia mbili, na wanunuzi wengi hudhani ni bidhaa tofauti. Nambari kubwa ya tarakimu tano hupima data inayopita kwa sekunde. Ikigawanywa kwa 8 hutoa ile kasi inayotajwa dukani. PC3-12800 ni sawa na DDR3-1600. PC4-19200 ni sawa na DDR4-2400, na PC4-25600 ni sawa na DDR4-3200.

RAM YA SEVA: RAHISI KWA BEI, GHALI KWA HASARA

Soko la mtumba lina RAM nyingi zilizotolewa kwenye seva za makampuni. Huuzwa kwa bei ya chini na kwa kiasi kikubwa, kama vile GB 16 kwa kipande. Kwa mtu anayetafuta nafuu, zinavutia.

RAM hizi zenye herufi R zina kijenzi cha ziada kati ya prosesa na vipande vya kumbukumbu. Bodi ya kompyuta ya kawaida haijui kuzungumza nacho. Kibaya zaidi, kwenye DDR3 na DDR4 kipande cha seva huingia kwenye sloti ya mezani bila shida, kwa sababu pengo liko mahali palepale. Mnunuzi huona kimekaa vizuri, huwasha kompyuta, na skrini hubaki nyeusi. Hapo pengo halisaidii tena, na kinga pekee iliyobaki ni kusoma stika.

Vipo pia vipande vya DDR3 vinavyouzwa kwa maelezo kwamba ni vya AMD pekee. Mwenye bodi ya Intel asivinunue hata kama bei inashawishi.

KIASI KINA KIKOMO

Kila bodi ina kikomo cha jumla na kikomo cha kila sloti. Bodi zenye chipseti za Intel za H61 na H81, ambazo bado ziko kwenye kompyuta nyingi za mtumba, kwa kawaida zina sloti mbili na kikomo cha GB 16, yaani GB 8 kwa kila sloti. Anayenunua kipande kimoja cha GB 16 cha DDR3 kwa bodi kama hiyo hatakitumia, ingawa jumla yake ni ileile.

Programu endeshi nayo ina kikomo chake. Windows ya biti 32 haitumii zaidi ya GB 4. Kompyuta yenye mfumo huo ikiwekewa GB 8, nusu ya pesa itakuwa imelala bure mpaka Windows ya biti 64 iwekwe. Mwenye kompyuta anaweza kuangalia hili kwenye mipangilio, sehemu ya System, kisha About.

Kabla ya yote, inafaa kuthibitisha kwamba tatizo ni RAM kweli. Katika Task Manager, kama kipimo cha Memory kinakaribia asilimia 100 wakati wa kazi za kawaida, RAM ni ndogo. Kama kipimo hicho kiko chini lakini cha Disk kimejaa muda wote, huenda diski kuukuu inayozunguka ndiyo inayochelewesha, na kuibadilisha kwa SSD kutasaidia zaidi ya RAM yoyote.

Vilevile, kuongeza RAM hakuifanyi kompyuta kuukuu ikubaliwe na Windows 11. Microsoft ilikomesha huduma za kawaida za Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 inahitaji angalau GB 4 za RAM, lakini pia inahitaji usalama wa TPM 2.0 na prosesa iliyo kwenye orodha ya Microsoft, na kwa Intel orodha hiyo kwa jumla huanzia kizazi cha nane. Muuzaji anayeahidi kwamba RAM pekee itatatua hilo hasemi kweli.

ANAYEUNDA KOMPYUTA UPYA

Anayeunda kompyuta kuanzia mwanzo ana kazi moja zaidi, kwa kuwa prosesa, bodi na RAM lazima zikubaliane zote tatu. Utaratibu unaofaa ni kuchagua prosesa, kisha bodi inayoipokea, na RAM mwisho.

Prosesa za Intel hutaja kizazi chake kwenye jina. Core i5-4570 ni ya kizazi cha nne, i5-8500 ni ya kizazi cha nane, na i5-12400 ni ya kizazi cha 12. Kwa kompyuta za mezani, kizazi cha pili hadi cha nne hutumia DDR3. Cha sita na cha saba hutumia DDR4, ingawa zipo bodi zilizotengenezwa kwa DDR3L. Cha nane hadi cha 11 hutumia DDR4.

Kuanzia kizazi cha 12 hadi cha 14, prosesa inaweza kutumia DDR4 au DDR5, na bodi ndiyo huamua ni ipi kati ya hizo mbili. Hapa ndipo wengi hukosea, kwa sababu bodi mbili zinaweza kuwa na jina linalokaribia kufanana. Kampuni ya Asus, kwa mfano, huweka D4 mwishoni mwa jina la bodi nyingi za aina hii zinazotumia DDR4. Ukiachwa mbali alama hiyo, sanduku la DDR4 na la DDR5 yanaweza kuonekana kama mapacha.

Kwa upande wa AMD mambo ni rahisi zaidi: bodi za soketi ya AM4 hutumia DDR4, na za AM5, zilizotoka mwaka 2022, hutumia DDR5 tu.

Soketi, yaani mahali prosesa inapokaa, ina mtego wake. Soketi ya LGA1151 ya Intel ina matoleo mawili. Prosesa za kizazi cha sita na cha saba huhitaji bodi za mfululizo wa 100 na 200, na za kizazi cha nane na cha tisa huhitaji bodi za mfululizo wa 300. Idadi ya pini ni ileile na prosesa huingia, lakini kompyuta haitafanya kazi. Kizazi cha 10 na cha 11 hukaa kwenye LGA1200, na cha 12 hadi cha 14 kwenye LGA1700.

Wakati mwingine soketi ni sahihi lakini programu ya ndani ya bodi, inayoitwa BIOS, ni ya zamani kuliko prosesa. Bodi za AMD B450 zilitoka mwaka 2018, na prosesa za Ryzen 5000 za mezani zilifuata mwaka 2020. Bodi ya zamani iliyokaa dukani inaweza kuhitaji BIOS mpya kabla ya kuitambua prosesa hiyo. Mnunuzi amwombe muuzaji aiweke kabla ya kuichukua.

Tovuti ya mtengenezaji wa bodi huwa na orodha mbili kwa kila modeli: prosesa zinazokubaliwa na RAM zilizojaribiwa. RAM isiyo kwenye orodha inaweza kufanya kazi, lakini iliyo kwenye orodha humpa mnunuzi uhakika zaidi.

KASI NA JOZI

Vipande viwili vya kizazi kimoja lakini vya kasi tofauti kwa kawaida hukubali kufanya kazi pamoja, na vyote viwili hufuata kasi ya kile cha polepole. Vivyo hivyo, RAM ya kasi inayozidi uwezo wa bodi au prosesa hushushwa. Hakuna haja ya kulipia DDR4-3200 kwa kompyuta isiyopita 2400, isipokuwa kama bei ni moja.

Vipande viwili vya GB 4 mara nyingi hufanya kazi kwa kasi kuliko kimoja cha GB 8, kwa sababu bodi nyingi husoma njia mbili kwa wakati mmoja. Kwenye bodi yenye sloti nne, jozi kwa kawaida huwekwa kwenye sloti ya pili na ya nne kuanzia upande wa prosesa. Kitabu cha bodi ndicho cha kufuatwa.

KUFUNGA NA KUPIMA

Kompyuta izimwe, waya wa umeme utolewe, na kitufe cha kuwasha kibonyezwe kwa sekunde chache ili umeme uliobaki uishe. Kwa laptopu, betri iondolewe au ichomolewe kwenye bodi pale inapowezekana. Anayefunga aguse chuma tupu cha sanduku la kompyuta ili kuondoa umeme tuli mwilini, kisha ashike RAM kwa kingo zake bila kugusa pini.

Pengo lilinganishwe na kijino kilicho kwenye sloti kabla ya kubonyeza. Kwa kompyuta ya mezani, kipande hubonyezwa ncha zote mbili mpaka vishikizo vifunge kwa mlio. Baadhi ya bodi zina kishikizo upande mmoja tu. Kwa laptopu, kipande huingizwa kwa mshazari kisha hulazwa chini. Kikikataa kuingia, kisisukumwe kwa nguvu, stika isomwe upya.

Skrini ikibaki nyeusi au kompyuta ikitoa milio, vipande vitolewe na kujaribiwa kimoja kimoja. Kompyuta za DDR5 zinaweza kuchukua dakika kadhaa zinapowashwa mara ya kwanza kwa kuwa bodi inaipima RAM, kwa hivyo mtumiaji asiizime mapema. Ikishawaka, andika mdsched kwenye sehemu ya kutafutia ili kufungua kipimo cha RAM cha Windows. Kipimo hiki kifanywe siku ileile, wakati risiti bado ni mpya.

HAKI YA MNUNUZI

Ibara ya 46 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inampa mtumiaji haki ya bidhaa za ubora unaofaa, haki ya kupewa maelezo anayohitaji ili anufaike kikamilifu na bidhaa, na haki ya kufidiwa hasara inayotokana na kasoro. Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji ya 2012 inaendeleza haki hizo. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa nayo inamlinda mnunuzi aliyemweleza muuzaji kazi anayoitakia bidhaa na kutegemea ujuzi wa muuzaji huyo.

Kinga hiyo ya mwisho ina nguvu pale ambapo mnunuzi alisema wazi anachohitaji. Kwa hivyo mnunuzi aombe risiti iandikwe modeli ya kompyuta au bodi pamoja na aina ya RAM, kwa mfano: "RAM DDR4 GB 8 SO-DIMM kwa laptopu ya modeli fulani". Anayenunua kwa simu atume picha za stika na jina la bodi kwa ujumbe, na ahifadhi jibu la muuzaji. Masharti ya kurudisha bidhaa na muda wa waranti yaulizwe kabla ya kutuma pesa.

Muuzaji akikataa kuwajibika, mkazi anaweza kupeleka malalamiko kwa afisi ya biashara ya kaunti. Jedwali la Nne la Katiba linaipa serikali ya kaunti jukumu la leseni za biashara na la biashara ya haki. Madai ya pesa yasiyozidi shilingi milioni moja yanaweza kupelekwa katika Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2016.

YA KUBEBA DUKANI

Kabla ya kulipa, mnunuzi awe na majibu ya maswali haya, yameandikwa kwenye karatasi au simu:

1. Jina na nambari ya bodi, au modeli na nambari ya utambulisho ya kompyuta, ni zipi?
2. Prosesa ni gani, na ni ya kizazi gani?
3. Bodi inatumia DDR3, DDR3L, DDR4 au DDR5?
4. Umbo ni la mezani au la laptopu?
5. Sloti ni ngapi, na zipi ziko wazi?
6. Kikomo cha bodi ni GB ngapi kwa jumla, na ngapi kwa kila sloti?
7. Herufi kwenye stika ni U, S au R?
8. Risiti imetaja aina ya RAM na kompyuta itakapowekwa?

Asiyeweza kupata majibu yote mwenyewe amwombe fundi anayemwamini amsaidie kuyatafuta, au aibebe kompyuta yenyewe hadi dukani na RAM ijaribiwe hapohapo kabla ya malipo. Vipande vilivyoharibika visichomwe wala kutupwa pamoja na taka za nyumbani. Vina metali zinazoweza kuchafua udongo na maji, na vinafaa kupelekwa kwa wanaokusanya taka za kielektroniki.